SHAABAN ROBERT: KARANI WA FORODHA ALIYEJENGA NCHI KWA KALAMU

Wahariri wa jarida letu waliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu walidhani nitamchagua mwanasiasa au mwanariadha. Mimi nimemchagua karani. Naam, karani wa forodha, mtu wa kukaa mezani na kuandika mizigo ya watu. Tulia kidogo nikueleze sababu.

Sisi wa Nangina hatuna haja ya kuelezwa forodha ni kitu gani. Ukipanda matatu hapa ukafika Busia, utaona malori yamepangana barabarani, madereva wamekaa kivulini wakingoja karatasi zao. Malaba nako ni hivyo hivyo, pengine zaidi. Karibu kila ukoo huku kwetu una mtu anayekula kutokana na mpaka: huyu anabadilisha pesa, yule anawapikia madereva, mwingine anasukuma mizigo kwa baiskeli. Hata neno bodaboda, ambalo siku hizi linasemwa Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa Busia, kwa ajili ya vijana waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka huu hadi mpaka wa pili.

Mjomba wangu ni mmoja wa watu hao wa mpaka. Yeye ni wakala, kazi yake ni kuwashughulikia wafanyabiashara karatasi zao za forodha. Ndiye anayenilipia karo tangu nilipoingia kidato cha kwanza. Likizo moja ya Agosti nilikwenda kukaa kwake ili nimsaidie mkewe kulea mtoto. Siku moja aliliona daftari langu kubwa juu ya meza. Alidhani ni la hesabu. Kumbe ndani yake nilikuwa nimeandika hadithi ndefu, kurasa arobaini na kitu. Alisoma kurasa tatu hali amesimama. Halafu akaniuliza kama hiyo ndiyo kazi anayoilipia karo. Alisema katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kununua unga kwa hadithi, na kwamba nikifanya vizuri katika hesabu atanitafutia meza katika ofisi ya uwakala, lakini mshika mbili moja humponyoka. Sikumjibu. Mtoto habishani na mjomba wake, hasa mjomba anayelipa karo. Nilirudi nyumbani nikalificha daftari chini ya sanduku la mama, na humo likakaa muhula mzima bila kufunguliwa.

Basi mapema mwaka huu mlezi wa chama chetu alinituma nihesabu vitabu vilivyomo katika kasha la chama. Nikakuta kimoja kimechakaa, jalada limetoka, kurasa kadhaa za katikati hazipo. Kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert. Nilikisoma pale pale mpaka nikasahau kuhesabu. Nilipomwuliza mwalimu mwandishi huyu alikuwa nani, alinipa maandishi ya kusoma kuhusu maisha yake. Nilipofika mahali paliposema kwamba alikuwa karani wa forodha, nilirudia mstari huo mara mbili. Hapo ndipo nilipoamua kwamba nitayafuata maisha ya mtu huyu mpaka mwisho, nione ikiwa ni kweli mshika mbili moja humponyoka.

MTOTO WA VIBAMBANI

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wakati ule Wajerumani ndio waliokuwa watawala. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, mwezi wa Novemba 1914, Waingereza walileta jeshi kwa meli kuuteka mji wa Tanga, wakashindwa vibaya. Lakini vita vilipokwisha mwaka 1918 Wajerumani walikuwa wameipoteza nchi, na Waingereza wakaitawala kwa jina la Tanganyika. Kwa hiyo mtoto huyu, kabla hajatimiza hata miaka kumi, alikwisha kuona bendera mbili za wageni juu ya mji mmoja. Sishangai kwamba alipokuwa mtu mzima aliandika sana habari za wafalme, mawaziri na haki.

Jambo moja nataka tulishike vizuri. Asili ya wazazi wake ilikuwa ya Kiyao, na Wayao ni watu wa kusini, mbali na Tanga. Yeye mwenyewe alijihesabu Mswahili. Sisi wa huku bara tumezoea kuambiwa eti Kiswahili kina wenyewe, nao wako Lamu, Mombasa na Unguja. Nyumbani tunazungumza Kisamia, majirani zetu wanazungumza Kiteso na Kiluo, na ng'ambo ya mpaka wako ndugu zetu Wasamia wa Uganda. Tukiteleza kidogo kwenye ngeli tunachekwa. Kumbe huyu ambaye watu humlinganisha na Shakespeare, ukoo wake nao ulitoka mbali! Lugha aliipokea, akaipenda, akaitumikia mpaka ikawa yake. Mcheza kwao hutunzwa, lakini na mgeni akicheza vizuri hutunzwa pia.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Katika mtihani wa kumaliza, wanafunzi kumi na mmoja ndio waliopata cheti, naye alikuwa wa pili. Hakwenda chuo kikuu. Elimu iliyobaki aliitafuta mwenyewe katika vitabu, na alama za kusoma kwake zimejaa katika kazi zake. Hadithi yake ya Adili na Nduguze ina mizizi katika Alfu Lela Ulela, zile hadithi za usiku elfu moja na moja. Tena alizileta katika Kiswahili beti za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi aliyeishi zaidi ya miaka mia nane kabla yake. Fikiria: mtu amekaa Tanga, anasoma mawazo ya Mwajemi yaliyokwisha kupitia Kiingereza, anayamimina katika lugha ya mama yake. Kwa maoni yangu hiyo nayo ni forodha, ila mizigo yake haina ushuru.

MEZANI PA FORODHA

Mwaka huo huo wa 1926, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, aliingia kazini katika Idara ya Forodha. Alifanya ukarani huo miaka kumi na minane, hadi 1944. Mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Pangani, bandari ndogo iliyoko kusini ya Tanga, pale mto Pangani unapomwaga maji yake baharini.

Kazi ya forodha naifahamu kidogo kwa kumtazama mjomba. Mtu anakuja na mzigo na karatasi. Unasoma karatasi, unatazama mzigo, unalinganisha. Vikipatana, anapita. Visipopatana, mtu anaanza kusimulia. Mmoja atasema karatasi iliandikwa na mwenzake, mwingine atasema alidanganywa na dereva, wa tatu atalia machozi. Karani anasikiliza, anapima maneno kama anavyopima magunia. Ninaamini, na haya ni mawazo yangu tu, kwamba miaka kumi na minane ya kusikiliza watu wakijieleza haikupotea bure. Ukisoma hadithi zake utaona jinsi watu wanavyosimama mbele ya wakubwa na kujitetea kwa maneno.

Mwaka 1944 alihamishwa mpaka Mpwapwa, bara kabisa, kwenye idara ya wanyama. Mwaka 1946 alirudi Tanga akafanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi hadi 1960. Ukijumlisha utapata miaka thelathini na minne ya ukarani: forodha, wanyama, wilaya na ardhi. Sasa weka kando ya miaka hiyo orodha ya vitabu vyake. Mwafrika Aimba kilitoka mwaka 1949, Kusadikika 1951, Adili na Nduguze na Marudi Mema 1952, Mapenzi Bora na Wasifu wa Siti binti Saad 1958, Insha na Mashairi 1959. Vyote hivyo vilitoka angali mtumishi wa serikali, mwenye saa za kuingia na saa za kutoka. Hakungoja kwanza aache kazi ndipo awe mwandishi. Muda aliupata kwa kuuiba kwenye mapumziko yake mwenyewe.

Tena si kwamba maisha yake yalikuwa mepesi. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki akamwachia watoto. Majonzi hayo aliyatungia shairi ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanalisoma hadi leo. Kwa binti yake alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, akiwausia namna ya kuishi na watu. Wakati wa vita vya pili vya dunia alianza utenzi mrefu sana juu ya vita hivyo, Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000. Mimi nikipewa insha ya kurasa mbili na nusu huwa natazama saa!

Hata barua hakuzipuuza. Alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, na barua hizo zilikuja kuchapishwa kama kitabu miaka mingi baada ya kufa kwake. Mtu asiyependa kuandika hawezi kumwandikia mtu mmoja miaka ishirini na saba.

NCHI ZISIZO KATIKA RAMANI

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda zaidi, yaani namna alivyotunga hadithi. Mashairi yake wengi wanayajua. Mimi nataka kuwaonyesha ufundi wa hadithi, kwa kuwa najua humu chamani tuko wengi tunaoficha madaftari.

Kwanza tazama Kusadikika. Hiyo ni nchi inayoelea angani. Ndani yake kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mshtaki wake ni waziri, jina lake Majivuno. Karama, badala ya kulia au kutukana, anaomba kusikilizwa, kisha anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali zamani. Kila mjumbe alirudi na mambo ya kuifaa nchi yake, na kila mmoja alilipwa kifungo. Baraza linasikiliza siku baada ya siku, na mwisho haki inashinda.

Kumbuka kitabu hiki kilitoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza, miaka kumi kabla ya uhuru. Mtumishi wa serikali angesimama sokoni aseme kwamba watu wananyimwa sheria na wanaosema kweli wanafungwa, sijui kama angekirudia kiti chake. Lakini nani atamshtaki mtu kwa habari za nchi inayoelea angani? Aliyetaka kuelewa alielewa. Hapo nilijifunza kwamba hadithi ya kubuni si uongo. Ni njia ya kuifikisha kweli mahali ambapo njia ya kawaida imewekwa kizuizi. Watu wa mpakani tunajua: barabara kuu ikifungwa, kuna panya njia. Tofauti ni kwamba hiki alichopitisha Shaaban Robert hakikuwa magendo.

Pili, tazama alivyojua kumshika msomaji. Katika Adili na Nduguze kuna liwali mwema, mwadilifu, anayependwa na watu wake. Lakini kila usiku anawachapa manyani wawili, na huku anawachapa anawahurumia. Ukishaambiwa hivyo huwezi kukifunga kitabu. Unajiuliza kwa nini mtu mwema anafanya jambo kama lile? Unasoma mpaka ujue kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtendea ubaya wakageuzwa umbo. Mimi katika hadithi yangu nilikuwa nimeanza kwa kueleza jua lilivyochomoza, ndege walivyoimba, umande ulivyong'aa, kurasa mbili nzima. Nilipokwisha kusoma habari za manyani nilirudi nikazikata kurasa zile mbili. Sasa hadithi inaanza na msichana anayefukua kitu usiku katika shamba la mihogo la babu yake. Kitu gani? Subirini.

Tatu, majina. Karama, Majivuno, Adili, Hasidi, Mwivu, Utubora: jina tu likitajwa unajua tabia ya mwenyewe. Hapa nitakuwa mkweli. Wengine darasani walilalamika kwamba watu wake ni wema mno au ni wabaya mno, na kwamba binadamu wa kweli wamechanganyika. Nami nakubali. Mtu kama mjomba wangu, kwa mfano, ungemwita nani? Mkali? Mkarimu? Yote mawili ni yeye. Waandishi wa siku hizi tunaowasoma hutupa watu waliochanganyika hivyo. Lakini Shaaban Robert alikuwa akitengeneza njia ambayo wengine wangepita baadaye, na wa kwanza kufyeka msitu hana budi kuacha visiki.

Asifikiriwe kuwa aliandika nchi za kubuni tu. Katika Wasifu wa Siti binti Saad alisimulia maisha ya mtu halisi, mwanamke wa Unguja aliyekuwa maskini, akiuza vyungu, kisha akawa mwimbaji maarufu ambaye sauti yake ilirekodiwa huko Bombay mwaka 1928. Siti alifariki mwaka 1950. Siku zile wasifu uliandikiwa wafalme na wakuu wa dini. Yeye alimwandikia mwuza vyungu. Nami leo, nikimwandika karani, naona nafuata nyayo zake.

VITABU VILIVYOCHELEWA

Kazi yake haikukosa kuonekana. Alikuwa mjumbe wa kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifu wa lugha. Alitunukiwa nishani ya Margaret Wrong kwa uandishi, na serikali ya Uingereza ikampa nishani ya MBE. Mwaka 1960 aliacha ukarani. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, na Karama wa Kusadikika, kwa maana fulani, akatoka gerezani. Lakini mwandishi wake hakuufaidi uhuru huo kwa muda mrefu. Alifariki mwezi Juni mwaka 1962, umri wake miaka hamsini na mitatu.

Hapa ndipo pananigusa kuliko mahali pengine. Kufikirika, hadithi ya nchi ambayo mfalme wake hana mrithi, aliiandika mwaka 1946. Ilichapishwa mwaka 1967. Hesabu mwenyewe: miaka ishirini na mmoja, na mitano ya mwisho mwenyewe yuko kaburini. Utenzi wa Vita vya Uhuru nao ulitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikatoka mwaka 1968. Vitabu hivi vyote hakuvishika mkononi vikiwa vimechapishwa. Nami nililificha daftari langu kwa sababu mtu mmoja alilisoma kurasa tatu akakunja uso! Niliona haya.

Katika Utubora Mkulima, Utubora ni karani pia. Anaacha kazi ya mjini Unguja, kazi ya mshahara, anakwenda kijijini Busutamu kulima na kuishi na watu. Nilipokisoma nilidhani mwandishi alikuwa akiota kuiacha kalamu ya ofisi. Lakini yeye hakuiacha mpaka alipotimiza miaka hamsini na mmoja. Nafikiri alijua kwamba mshahara ndio ulionunua karatasi na mafuta ya taa. Ndoto aliiweka hadithini, na mwezi ukiisha alipokea mshahara kama wengine.

Leo hii Dar es Salaam kuna mtaa na shule ya sekondari vyenye jina lake. Wakubwa waliomtuma huku na huku, leo Forodha, kesho Mpwapwa, majina yao nani anayakumbuka? La karani ndilo lililobaki.

MJOMBA NA KUSADIKIKA

Mpenzi msomaji, huenda unauliza daftari langu liliishia wapi. Nilikwisha kulitoa chini ya sanduku. Mende walikuwa wamekula pembe moja, lakini maneno yote yalikuwepo.

Likizo ya Aprili nilikwenda tena Busia. Safari hii nilibeba kile kitabu cha chama kisicho na jalada. Sikumwambia mjomba neno. Nilikiweka tu mezani, karibu na mihuri yake na mafaili ya wateja. Siku mbili kikakaa pale. Jioni ya tatu stima ilipotea, simu yake ikazimika, naye akiwa amechoka kwa siku ya mabishano huko kazini akawasha taa ya akiba, akakichukua. Nilijifanya ninaosha vyombo. Saa nne usiku bado alikuwa anasoma. Ghafla akaniita kwa sauti kubwa, nikadhani nimeharibu kitu. Alitaka kujua ni nani aliyezing'oa kurasa za katikati, na mjumbe yule alifikwa na nini. Nilimweleza kwa kadiri mwalimu alivyotueleza. Akanyamaza, kisha akasema kwamba yeye anawajua watu wa aina ya Majivuno, wako wengi, na Karama mmoja kwa mwaka hampati.

Nikamwambia aliyeandika alikuwa karani wa forodha miaka kumi na minane. Hakuamini mara moja. Alihesabu kwa vidole, akaniuliza kama aliandika wakati wa kazi. Nikamjibu kwamba mchana alifanya kazi ya mwajiri na saa zilizobaki zilikuwa zake. Mjomba alicheka kidogo.

Sitaki kuwadanganya kwamba tangu siku hiyo mjomba amekuwa mpenzi wa hadithi, au kwamba ameniahidi kuzichapisha. Tulichoagana ni hiki: alama zangu za hesabu zisishuke, naye hataliuliza daftari. Ripoti ya muhula ikija vibaya, tutarudi mezani. Mkataba wa namna hii nadhani Shaaban Robert angeuelewa. Mshika mbili moja humponyoka, ni kweli, ikiwa mikono imelegea. Yeye alizishika mbili miaka thelathini na minne, na hakuna iliyoanguka.

Kwa hiyo wenzangu, tusingoje. Tusiseme tutaandika tukifika chuo kikuu, tukipata kompyuta, tukihamia Nairobi. Daftari lipo, kalamu ipo, na mpaka wetu umejaa visa kuliko nchi yoyote inayoelea angani. Mwenye kitabu nyumbani ambacho hakisomwi, akilete katika kasha la chama. Vilivyomo ni vichache na vimechoka. Na aliyeazima akirudishe.

Nikisema hivyo najisema na mimi. Mtunza kasha amekuwa akinifuata kila Ijumaa kuhusu Kusadikika, nami nimekuwa nikimkwepa. Ukweli ni kwamba kitabu kiko Busia kwa mjomba. Amekiwekea jalada la karatasi ya kaki, ile ya mafaili ya forodha, na anasema anakisoma mara ya pili. Nikifanikiwa kumpokonya kabla shule haijafungwa nitakileta. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa herini.